Baragumu, Filimbi, Eksozi: Kelele za Mizigo katika Njia ya Tabora

Ukipanda treni Dodoma kwenda Tabora, baada ya Itigi unaingia katika pori ambalo wapagazi wa zamani waliliita Mgunda Mkali. Maji ya shida, vijiji vya kuhesabu, vichaka vimeshikana hadi mtu haoni hatua kumi mbele. Ukitokea upande wa pili unakutana na Tura, kisha Malongwe, Nyahua, Goweko na Igalula, halafu Tabora yenyewe. Goweko ni stesheni na kata ya wilaya ya Uyui, na eneo lake limepitiwa na mizigo ya watu wengine kwa karibu miaka mia mbili: pembe za ndovu, vitambaa, baruti, mashine za kulimia karanga, tumbaku, saruji, mafuta.

Historia ya udhibiti wa kelele za malori makubwa huandikwa kwa kawaida kuanzia Brussels au Washington. Nimeamua kuianzia huku porini, kwa sababu njia ya Tabora inaonyesha jambo lisiloonekana kwenye majedwali ya desibeli. Sauti ya mzigo ilianza ikiwa adabu, ikageuka kuwa amri ya kazi, na mwisho ikabaki taka isiyo na mwenyewe. Sheria zote tulizo nazo leo zinahusu hatua hiyo ya tatu.

Kabla ya 1890: kuingia kimya ni uadui

Wanyamwezi walianza kupeleka misafara yao pwani mapema katika karne ya 19, na kufikia katikati ya karne Kazeh, yaani Tabora ya leo, ilikuwa makutano ya njia za kwenda Ujiji, Karagwe na Buganda. Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku 134 tangu waondoke pwani. Burton alikuwa mtu wa dharau nyingi, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na maelezo yake ya mwenendo wa msafara ni hazina kwa anayetaka kujua njia hii ilisikikaje.

Mbele alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, amejipamba kwa kitambaa chekundu na ngozi, nyuma yake bendera. Walifuata wabeba pembe za ndovu, wenye nguvu kuliko wote, na ncha ya kila pembe ilifungwa kengele kama ile ya ng'ombe, hata kila hatua ya mpagazi ikawa na mlio wake. Palikuwa na ngoma. Palikuwa na baragumu la pembe ya tandala. Waliobaki walipiga miluzi na kuimba, waliitana na kuitikiana, wakaiga ndege na wanyama. Katika Mgunda Mkali, ambako ukosefu wa maji uliwalazimu kuterekeza, yaani kuondoka mchana na kutembea hadi usiku ili wakayafikie maji asubuhi ya pili, kelele hizo zilikuwa kamba. Mtu aliyeachwa nyuma na mguu wenye jeraha alijua kichwa cha msafara kiko wapi kwa kusikiliza tu.

Wakikaribia mji, bunduki zilipigwa hewani na baruti haikuonewa uchungu. Wenyeji walitoka kutazama, soko likajiandaa, mwenye deni akajificha. Henry Stanley alifanya vivyo hivyo alipokaribia Ujiji mwaka 1871, na milio ile ndiyo iliyowatoa watu nje kumpokea. Mwaka huohuo vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimewaka, na njia za kutoka Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, hazikuwa salama. Katika nchi ya maboma na rugaruga, wapiganaji wa watemi, kundi kubwa la watu wenye silaha likijitokeza bila sauti lilieleweka kwa namna moja tu.

Kelele ile haikuwa holela. Baragumu halikupigwa na kila aliyejisikia, na asubuhi msafara haukutoka kambini mpaka kirangozi atoe ishara. Hiyo naiita kanuni ya kwanza ya sauti ya usafirishaji katika Tanzania bara: ilikuwa na mwenye mamlaka, ilikuwa na wakati wake, na kila aliyeisikia alijua inamwambia nini.

1905 hadi 1945: mvuke usionyamazishika

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, na kampuni ya Philipp Holzmann ndiyo iliyofanya ujenzi. Goweko ikapata stesheni, na wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakienda pwani kwa maelfu kila mwaka wakaanza kukosa kazi. Kengele kwenye ncha ya pembe haikusikika tena.

Treni ilikuja na sauti za aina mbili. Ya kwanza ni filimbi. Hiyo iliandikwa kwenye vitabu vya kanuni: dereva alipaswa kuipiga kwenye makutano na njia, wakati wa kuondoka, wakati wa hatari. Kwa maana hiyo filimbi ilirithi kazi ya baragumu, ila mamlaka yalitoka kwa kirangozi yakahamia kwenye karatasi.

Ya pili ni ile ya bomba la moshi, na hapa fundi atanielewa haraka. Katika injini ya mvuke, mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hutupwa kwa nguvu kupitia bomba la moshi, na kwa kutoka kwake huvuta hewa ndani ya tanuri. Kadiri mzigo unavyokuwa mzito ndivyo mvuke unavyotoka kwa kishindo, na ndivyo moto unavyopata hewa. Ukiziba kishindo hicho unazima moto. Kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuitungia sheria, kwani mngurumo wenyewe ulikuwa sehemu ya mtambo.

Injini ya gari ni habari nyingine. Moshi wake umekwisha kufanya kazi unapotoka, na mlipuko unaosikika nje hauisaidii injini kitu. Ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya sailensa ya gari mwaka 1897, wakati ambapo malalamiko makubwa yalikuwa kwamba magari yanawatia wazimu farasi. Miaka michache baadaye Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza ya kizuia sauti cha bunduki mwaka 1909, aliutumia ujuzi uleule kutengeneza sailensa za injini. Wakati huo Paul Graetz, luteni wa Kijerumani, alikuwa akilisukuma gari lake kutoka Dar es Salaam, alikoondoka Agosti 1907, mpaka Swakopmund, alikofika Mei 1909. Nasema kulisukuma kwa sababu barabara hazikuwapo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walirithi reli pamoja na hofu ya kuipoteza. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliweka vizuizi kwa malori ya mizigo yaliyotaka kwenda sambamba na reli, ili mapato ya treni yasimomonyoke. Nia ilikuwa fedha, lakini matokeo yake kwa sikio ni kwamba vijiji vya ukanda huu vilichelewa sana kulijua lori.

1947: karanga za Urambo

Kishindo cha injini nyingi kwa wakati mmoja kilifika mkoa wa Tabora kupitia mradi ambao wazee wengi bado wanautaja kwa kicheko. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Urambo iko magharibi ya Tabora kwenye reli ya Kigoma, na njia ya kupitishia mashine nzito kutoka bandarini ilikuwa hiihii ya kati. Matrekta yalikuwa mabaki ya vita, yamechoka kabla ya kuanza. Mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, vikapewa jina la Shervick. Mizizi ya miti na ardhi ngumu vilizishinda mashine, mvua ikakataa, na Januari 1951 mradi ukafutwa.

Karanga hazikupatikana za kutosha, lakini mradi uliacha mazoea ambayo naona yana uzito katika historia hii. Mngurumo wa injini ulianza kumaanisha kwamba serikali ipo kazini. Baada ya Uhuru maana hiyo ilizidi kukomaa: lori likiingia kijijini ni mbolea, ni mahindi ya msaada, ni madawati, ni mnunuzi wa tumbaku. Katika mazingira hayo nani angelalamikia sauti? Mwenye kulalamika angeulizwa kama anataka kurudi kubeba mizigo kichwani.

1963 hadi 1996: wenzetu waanza kupima

Kelele za mizigo mijini ni shauri la kale. Roma, mwaka 45 kabla ya Kristo, sheria inayohusishwa na Julius Caesar ilikataza mikokoteni mizito kuingia mjini sehemu kubwa ya mchana. Mizigo ikahamia usiku, na mshairi Juvenal aliyekuja baadaye aliandika kwamba Roma usingizi ni wa matajiri. Tatizo hilo la kuihamisha kelele badala ya kuipunguza litaturudia.

Kupunguza kwenyewe kulianza baada ya Vita Kuu ya Pili, malori ya dizeli yalipoongezeka Ulaya. Uingereza ilipata ripoti ya kamati ya Wilson kuhusu kelele mwaka 1963. Mwaka 1970 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo la kwanza la pamoja: lori zito lenye injini kubwa lisizidi desibeli 91. Kipimo chake ni rahisi kukiona kwa macho ya akili. Lori linakuja kwa mwendo uliowekwa, linafika kwenye mstari, dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho, na kipaza sauti kilichosimama mita 7.5 kutoka katikati ya njia kinasikiliza. Kikomo kilishushwa hadi 88 kwa agizo la 1977, hadi 84 kwa la 1984, na hadi 80 kwa la 1992 lililoanza kubana katikati ya muongo huo. Japani nayo ilianza kuweka vikomo vya aina hii mwaka 1971.

Msomaji asidharau tofauti ya 91 na 80. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila zikipungua 3, nguvu ya sauti imekatwa nusu, na kwa sikio la kawaida pungufu ya 10 husikika kama sauti imepungua nusu nzima. Malori zaidi ya kumi ya 1996 yangeweza kupita pamoja na kutoa nguvu ya sauti iliyoruhusiwa kwa lori moja la 1970.

Marekani ilipitisha sheria yake ya kelele mwaka 1972 na kuweka vikomo vya malori mapya: 83 kuanzia 1978, kisha 80, hatua iliyoahirishwa hadi 1988. Wao hupima kwa umbali wa mita 15, na umbali ukiongezeka maradufu sauti hushuka kwa takriban 6, kwa hiyo 80 yao ni kikomo kilicholegea kuliko 80 ya Ulaya. Lakini walifanya jambo moja ambalo Ulaya haikulitilia mkazo mapema hivyo. Kuanzia 1975 waliweka kikomo kwa lori lililoko barabarani tayari, lililochakaa, lenye mwenyewe. Lisimame, giya iwe huru, mafuta yakanyagwe ghafla: lisizidi 88.

Viwanda vilitii kwa njia nyingi. Sailensa zikakua. Feni ya kupoza injini, ambayo zamani ilizunguka muda wote ikipiga mayowe, ikawekewa klachi ili izunguke joto linapodai. Pande za injini zikafunikwa. Tabo, iliyowekwa kwa ajili ya nguvu, ikasaidia pia, kwa sababu moshi unaopita kwenye panga zake unafika kwenye bomba ukiwa umepungukiwa ukali. Mwisho wake sauti ya matairi ikaanza kuishinda ya injini kwenye mwendo wa barabara kuu.

Ila sauti moja ilikataa kufa, na imetoka kwa mtu aliyeponea chupuchupu. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mwenye kampuni ya injini za dizeli, alikuwa ndani ya lori likishuka mlima wa Cajon, California, breki zikamshinda, na chini treni ilikuwa ikikatisha barabara. Walikosana nayo kidogo tu. Miaka mingi baadaye alibuni breki inayotumia injini yenyewe: valvu hufunguliwa wakati hewa imekwisha kubanwa ndani ya silinda, nguvu ikatupwa nje badala ya kurudi kwenye magurudumu. Kampuni ya Jacobs iliingiza breki hiyo sokoni mwaka 1961. Inaokoa maisha. Pia, kwenye lori lisilo na sailensa nzima, inapiga risasi kama bunduki ya rashasha, na ndiyo maana miji mingi ya Marekani imeweka vibao vya kuikataza.

1965 hadi 2012: mzigo warudi barabarani

Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia ya kusini, na malori ya mafuta yakaanza kupigana na tope kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Huo ndio mwanzo wa utamaduni wa lori la masafa nchini: dereva, utingo, jiko la mkaa chini ya tela, safari ya wiki. Ukanda wa kati ulichelewa kwa sababu reli bado ilibeba.

Reli ilipolegea, kila kitu kilibadilika. Oktoba 2007 uendeshaji wake ulikabidhiwa kwa ubia ambao RITES ya India ilikuwa na asilimia 51. Mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yakachukua tuta la reli upande wa Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Mwaka 2011 serikali ikachukua tena uendeshaji. Mteja wa Kigali au Bujumbura hakusubiri. Makontena yakapanda semitrela, yakafuata Dodoma, Manyoni, Singida, yakashuka Sekenke, yakapita Igunga na Nzega, yakaelekea Isaka, Kahama na mipakani.

Mlima Sekenke ndio mahali pa kujifunzia sauti ya lori. Kwenye kupanda, Scania ya zamani yenye tani zake mgongoni inashuka giya moja baada ya nyingine, na kila giya injini inalia upya, nzito, hadi unahisi kifuani kabla ya kusikia masikioni. Kwenye kushuka dereva mwenye akili hakai kwenye breki za magurudumu, maana zikishika moto amekwisha. Anatumia eksozi breki: kipande kama kifuniko kinaziba bomba la moshi, moshi unarudi kuikaba injini, na kinachosikika ni mkoromo mrefu wenye mluzi ndani yake, ukikatika na kurudi kila anapobonyeza. Hakuna mtu timamu atakayemwambia asitumie hiyo breki pale. Swali ni bomba lenyewe likoje kuanzia hapo kwenda nyuma.

Kisha usiku. Kuanzia miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku, kwa sababu ya ajali na utekaji, na katazo hilo lilidumu hadi mwaka 2023. Malori hayakuhusika. Kwa karibu miaka thelathini, usiku wa barabara hizi ulikuwa wa lori peke yake, na anayelala kando ya lami ya Nzega au Igunga amelijua vizuri zaidi gizani kuliko mchana. Juvenal angeelewa.

Ndani ya sailensa

Malori mengi yaliyoingia nchini katika kipindi hicho yalikuwa yametumika kwanza Ulaya au Japani. Yalikuja na utulivu uliotungiwa sheria na wengine. Mwenye Scania hapa hakuwahi kuulizwa kuhusu agizo la 1984, ila alilinunua pamoja na gari. Ukweli huu hausemwi mara nyingi: kwa miongo kadhaa kidhibiti kikuu cha kelele za malori Tanzania kilikuwa Brussels na Tokyo. Na udhibiti huo una tarehe ya kwisha, nayo inategemea kutu.

Ichukue sailensa ya lori iliyokwisha, ikate kwa grainda. Nje ni pipa la bati lenye uzito unaohitaji watu wawili. Ndani utakuta bomba lenye matundu madogomadogo kama ya chekeche, na kuta zinazoligawa pipa katika vyumba vya urefu tofauti. Mlio ukiingia chumba hiki unagonga ukuta na kurudi, unakutana na mlio unaokuja, wanauana. Kati ya bomba na pipa huwekwa sufi ya kioo ya kumeza milio ya juu. Sasa tazama iliyotumika miaka kumi. Sufi imekwisha kutoka kwa matundu, imebaki vumbi la kijivu. Ukuta mmoja umeachia na unacheza. Chini kabisa, palipokuwa panakusanyika maji, bati limekuwa kama biskuti iliyolowa. Maji yale si maji tu: dizeli yenye salfa nyingi ikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na mvuke hugeuka asidi. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015, na hilo, ambalo lilifanywa kwa ajili ya mapafu, limezisaidia na sailensa.

Sailensa mpya ya asili ni ghali. Bomba tupu la kuunganisha pengo ni kazi ya mchomeleaji na nusu saa ya kusubiri. Tajiri anataka mzigo ufike, dereva anataka posho yake, fundi anataka mteja aondoke ameridhika. Bomba linachomelewa. Inasaidia pia kwamba madereva wengi wanaamini lori lililotolewa sailensa lina nguvu zaidi. Kuna chembe ya ukweli, kwa sababu sailensa iliyoziba hukaba injini, lakini kwenye injini yenye tabo faida ya bomba tupu dhidi ya sailensa nzima ni ndogo kuliko ya kusafisha chujio la hewa. Sikio hudanganya hapa: kinacholia sana kinadhaniwa kinavuta sana. Vijana wa bodaboda wanaotoboa eksozi wana imani hiyohiyo, ila wao angalau wanakiri kwamba ni mbwembwe.

1973 hadi 2015: sheria yenye anwani

Sheria ya Usalama Barabarani Na. 30 ya 1973 ilizaliwa katika nchi yenye magari machache na ajali nyingi, na mkazo wake ni uzima wa gari: breki, taa, usukani, matairi. Ndivyo trafiki alivyofundishwa kulitazama lori, na ndivyo stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama zilivyozoesha wenye magari. Baraza la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliundwa mwaka 1983, likapewa meno kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zilitoka 2015, kwa Tangazo la Serikali Na. 32.

Kanuni hizo ni nzuri kuzisoma. Hospitali isizidi desibeli 45 mchana na 35 usiku. Makazi 50 mchana, 35 usiku. Lakini uti wa mgongo wake ni jedwali la maeneo, na mantiki ya jedwali la maeneo ni kwamba kelele ina nyumba. Baa ina nyumba, ukumbi una nyumba, kanisa na kiwanda vina nyumba. Mkaguzi anakwenda, anapima, anaacha hati. Kwa hiyo tumeona NEMC ikifungia baa na kumbi za starehe, na wananchi wakishangilia au kununa kulingana na wanakolala. Lori halina anwani. Likipita mbele ya zahanati saa nane usiku, mpaka mtu aamke atafute simu limekwisha kuingia wilaya nyingine. Malori mia yakipita, kila moja kwa sekunde ishirini, hakuna hata moja lililovunja usingizi wa mtu kwa namna ambayo mkaguzi ataikuta asubuhi.

Kenya, katika kanuni zake za 2009, iliandika kifungu cha gari lenyewe: lisitoe sauti kubwa isiyo ya kawaida, lisizidi desibeli 84 linapoongeza mwendo, na honi isipigwe ila kuzuia ajali. Kimaandishi hicho ni kifungu bora. Ugumu wake ni kwamba kulipima gari linaloongeza mwendo kunahitaji uwanja wazi, kifaa na mtu mwenye muda, na hivyo vitatu havikutani mara nyingi kando ya barabara ya Mombasa au ya Tabora.

Tangu 2019: mizani, lami, umeme

Kuna mzigo mmoja ambao Afrika Mashariki imeamua kwa dhati kuupima. Sheria ya Jumuiya ya udhibiti wa uzito wa magari ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na lori la kwenda Rwanda linapimwa tena na tena: Vigwaza, Nala, Njuki na kwingineko. Imewezekana kwa sababu uzito uliozidi huvunja lami, na lami ina bei inayojulikana hazina. Shirika la Afya Duniani linasema kelele za barabarani usiku zisizidi wastani wa 45, vinginevyo usingizi na moyo vinaumia. Hasara hiyo nayo ni ya fedha, ila hulipwa dirisha la hospitali, kwa majina tofauti.

Wakati huohuo barabara ya Manyoni, Itigi hadi Tabora, iliyokuwa ya vumbi na mchanga, imekamilika kwa lami. Kipande cha mwisho, Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4, kilimalizika mwanzoni mwa miaka hii ya 2020. Maana yake ni kwamba lori limerudi kwenye Mgunda Mkali moja kwa moja, na vijiji vya Uyui vinajifunza sasa kile ambacho Nzega imekijua zamani. Dodoma inajenga barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3 ili malori yasipite katikati ya mji. Ni jambo jema, ingawa ni dawa ya Roma ileile: kelele inahama.

Reli ya kisasa huenda ikapunguza mzigo wa barabara. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021 na Yapı Merkezi, na treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza kazi mwaka 2024. Treni ya umeme haina bomba la moshi. Hata hivyo mafuta ya Kongo, saruji ya vijijini na tumbaku ya Tabora havitapanda behewa vyote, na lori lililonunuliwa leo litakuwa barabarani miaka ishirini ijayo na sailensa yake itakuwa imeoza miaka kumi kabla ya hapo.

Kipimo cha Marekani cha 1975 ndicho ningekipendekeza kwa wanaotunga kanuni zetu, kwa sababu hakidai lori litembee. Kwenye mizani lori limekwisha kusimama. Giya huru, mafuta mara moja hadi mwisho, kipaza sauti mahali pake, namba inaonekana. Lililozidi lipewe muda wa kubadilisha sailensa kabla ya safari nyingine, na namba yake ya usajili tayari imo kwenye kompyuta ya mizani. Kitakachotakiwa zaidi ya hapo ni kifaa cha kupimia, kiwanja kisicho na ukuta karibu wa kurudisha mlio, na mahali pa kununua sailensa halali kwa bei ambayo mwenye Fuso moja ataimudu. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ambalo kanuni ya mwaka 2015 haikuligusa.